UZI: Nyumba au kiwanja cha kwanza Dar, jinsi ya kununua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

MzeeWaJalada

Wakuu, kila wiki mtu anauliza humu: "Nina milioni 40, ninunue wapi?" Swali la wapi liwekwe pembeni kwanza. La kuanzia ni unauziwa karatasi gani, maana Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Hakuna anayekuuzia udongo. Anakuuzia haki ya kuutumia, na haki hiyo ina ngazi.

Ngazi ya juu ni hati miliki, ile ya miaka 33, 66 au 99. Inayofuata ni barua ya toleo, wenyewe tunaiita ofa. Halafu kuna leseni ya makazi, iliyotolewa kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa. Chini kabisa ni mkataba wa mauziano wenye mhuri wa serikali ya mtaa, na hapo ndipo viwanja vingi vya Mbagala, Chanika na Goba ya ndani vinapouzwa. Zote zinanunulika. Kosa ni kulipa bei ya hati kwa kitu chenye mhuri wa mtaa.

Kwenye hati, wengi wanatazama jina la mwenye mali na kufunga. Soma na tarehe ya kuanza. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inakwisha 2031. Muuzaji hatakwambia, na ukienda kuombea mkopo wa miaka 15 benki watakugeuza mlangoni. Soma matumizi: imeandikwa makazi, au makazi na biashara? Kama ni kiwanja kitupu, soma sharti la kuendeleza. Kwa kawaida hupewa miezi 36 kuanzia hati ilipotolewa, na asiyejenga anajiweka kwenye hatari ya kunyang'anywa.

Ukishasoma, usiamini. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, uombe upekuzi kwa Msajili wa Hati kwa jina lako mwenyewe. Majibu ya upekuzi anayokuletea dalali hayana kazi, hata yakiwa na mhuri unaong'aa. Upekuzi utakuonyesha mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mahakama, mke au ndugu. Fanya mara mbili: kabla ya kujadili bei, na tena siku moja au mbili kabla ya kulipa. Zuio linaweza kuingia katikati.

Ofa ina mtego wake. Haijasajiliwa, kwa hiyo kwa Msajili hutakuta kitu, na kutokukuta kitu siyo usalama. Ofa inafuatwa kwenye jalada la kiwanja, ofisi ya ardhi ya halmashauri husika. Humo ndimo unapogundua kama kiwanja kimoja kiligawiwa watu wawili, au kama aliyepewa ofa hakulipia ada zake kwa wakati.

Karibuni wataalamu wengine muongezee.

Chausiku_T

Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, hivi vya kutangazwa "miguu 20 kwa 20 milioni 12" navyo vina jalada?

MzeeWaJalada

Marahaba. Vingi havina. Suala la miguu namwachia mpima.

MpimaBikoni

Nimeitwa. Mguu ni hatua ya mtu, na mtu huyo ni dalali. Msomaji wa tangazo anaelewa mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Hatua ya kawaida ya mtu anayetembea ni sentimita 75 hadi 80. Ukichukua 80, hatua 20 ni mita 16, na 16 mara 16 ni 256. Zimepotea mita za mraba 144, zaidi ya theluthi. Milioni 12 uliyodhani ni 30,000 kwa mita ya mraba imekuwa karibu 47,000. Nunua futikamba ya mita 50, mshike wawili, mpime pande zote nne na mishazari miwili, yaani kona hadi kona. Kiwanja cha mstatili kina mishazari iliyo sawa. Ikitofautiana kwa mita mbili tatu, umbo limepinda, na ramani yako ya nyumba haitakaa pale.

Kwenye kiwanja kilichopimwa, dai kuonyeshwa bikoni zote, siyo mbili za barabarani. Bikoni ni nondo au bomba lililosimikwa kwenye zege, na juu yake huwa kuna namba. Namba hiyo lazima ifanane na iliyo kwenye ramani ya upimaji. Zikitofautiana, umesimama kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Hilo hutokea sana kwenye mapori yaliyopimwa viwanja mia kwa mpigo, kwa sababu vyote vinafanana na dalali anakuonyesha kile kilicho karibu na lami.

kaka_Tegeta

Mkuu, kuna haja ya kulipa mpima wakati simu ina GPS? Unaingiza koordineti za kwenye ramani, inakupeleka.

MpimaBikoni

Inakupeleka kwa jirani wa sita. Ramani nyingi za upimaji nchini zimechorwa kwa mfumo wa koordineti wa Arc 1960, na simu inasoma WGS84. Ukiingiza namba za mfumo mmoja kwenye mwingine bila kubadilisha, unahama kama mita 300. Nimeona watu wanamtukana muuzaji tapeli kwa sababu simu imewapeleka kwenye makaburi, kumbe kiwanja kipo na bikoni zake zipo. Kinyume chake nacho kipo: simu ikaonyesha sehemu nzuri, mtu akalipa. Halafu hata ukibadilisha mfumo vizuri, simu hukosea mita 3 hadi 5 ikiwa mahali pa wazi. Kwa kiwanja chenye upana wa mita 18 hiyo ni ukuta wa jirani.

Mpima aliyesajiliwa atafufua bikoni zilizopotea kwa nusu siku ya kazi. Akimaliza, mwombe akusomee na mchoro wa mipango miji wa eneo lile. Kipande kitupu kizuri katikati ya nyumba, kisicho na mwenyewe kwa miaka mingi, mara nyingi kwenye mchoro kimeandikwa shule, soko au eneo la wazi.

Mwanasheria Mtaani

Naongezea upande wangu, maana hapa ndipo watu wanaposhinda shamba na kupoteza mahakamani.

Muuzaji ana mke au mume? Uliza hata kama hati ina jina moja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ardhi nayo inamlinda. Ridhaa iwe ya maandishi, ikiwa na picha na sahihi yake mbele ya wakili. "Mke wangu yuko Singida, tumeshaongea" haitoshi. Mpigie, apande basi, asaini. Kama muuzaji anasema hajaoa, ale kiapo kwa maandishi, na uwaulize majirani kwa upole. Majirani wanajua.

Mirathi ndiyo inayozaa kesi nyingi. Marehemu hauzi, na mtoto mkubwa si mmiliki kwa sababu ya ukubwa wake. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uone barua yake ya usimamizi. Nenda mahakama iliyoandikwa kwenye barua, taja namba ya shauri, hakikisha ipo na haijatenguliwa. Kama ardhi ina hati, msimamizi asajiliwe kwanza kwa Msajili ndipo akuhamishie wewe. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni kitu kizuri kuwa nacho na warithi wote wasaini kama mashahidi, lakini kikao cha ukoo peke yake hakimpi mtu mamlaka ya kuuza.

Mkataba lazima uwe wa maandishi. Uandike namba ya kiwanja, ukubwa, mipaka ya pande nne, bei, ratiba ya malipo, nani analipa kodi ipi, siku ya kukabidhi, na nini kinatokea mmoja akigeuka. Ushuru wa stempu ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usiolipiwa stempu hakimu hataupokea kama ushahidi, na wewe unautunza kwa ajili ya siku ya hakimu.

Wakili umpate wewe. Usikubali "wakili wetu sote" aliyeletwa na dalali. Jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama ana leseni ya mwaka huu; vishoka, yaani mawakili bandia, wamejaa kwenye vibanda vya kuchapa barua.

Chausiku_T

Mwanasheria, na hela inatoka lini? Muuzaji anataka yote siku ya kusaini.

Mwanasheria Mtaani

Dada, hapo ndipo penye ununuzi wenyewe, mengine yote ni maandalizi. Hela ifuate karatasi hatua kwa hatua. Mpangilio unaokubalika kwa wauzaji wengi wenye hati ni huu: 10% mkisaini mkataba. 70% akishasaini fomu za uhamisho, yaani Fomu Na. 29, 30 na 35, akakabidhi hati halisi kwa wakili wako, na kodi ya ongezeko la mtaji ikawa imelipwa. 20% ya mwisho jina lako likishasomeka kwa Msajili.

Muuzaji akiogopa kwamba utamtoroka na 20%, mnaiweka kwenye akaunti ya wateja ya wakili, inasubiri hapo, na mkataba unasema itatoka kwa karatasi gani. Muuzaji anayekataa mpangilio wowote ule zaidi ya taslimu leo jioni, mwache na nyumba yake.

Na malipo yapite benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati. "Mtumie shemeji, akaunti yangu imefungwa" usiisikilize.

juma_wa_kivule

Wakuu, serikali ya mtaa wanadai 10% ya bei ndipo wagonge mhuri. Ni sheria?

MzeeWaJalada

Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa mtaa asilimia 10 ya mauziano ya ardhi, na Serikali imeshalikemea hilo hadharani zaidi ya mara moja. Kwenye nyumba ya milioni 50 hiyo ni milioni 5, mkuu, unapaua nayo. Ukidaiwa, omba risiti ya Serikali yenye kontrol namba. Mara nyingi 10% hugeuka ghafla kuwa "basi toa chochote cha ofisi".

Lakini usiruke ofisi ya mtaa kwa sababu hiyo. Kwenye ardhi isiyopimwa, mwenyekiti, mjumbe na majirani wa pande nne ndio kumbukumbu pekee iliyopo. Waje kwenye eneo, kila jirani asimame kwenye mpaka wake, asaini akiwa pale pale. Jirani asiyetaka kusaini ana sababu, na ni bora uijue kabla ya kulipa.

Ukivuka kwenda Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, uliza kwanza kama ni ardhi ya kijiji. Huko inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mwenye idhini ni Halmashauri ya Kijiji kwa kikao chenye muhtasari. Mwenyekiti na mtendaji wakikaa wawili chini ya mwembe, hicho siyo kikao.

Hesabu_Kali

Tuongelee kodi, maana watu hutenga bei ya nyumba tu.

Chukua nyumba ya milioni 80. Ushuru wa stempu ni 1%, sawa na 800,000. Huo ni wa mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: kwa mkazi ni 10% ya faida. Kama aliinunua na kuiboresha kwa milioni 50 na ana vielelezo, faida ni milioni 30, kodi milioni 3. Kama hana kumbukumbu za gharama, mtu binafsi mkazi hutozwa 3% ya bei ya mauziano au ya thamani iliyoidhinishwa, iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kwa milioni 80 ni milioni 2.4. Kuna msamaha wa nyumba ya kuishi: ukiimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, na faida isizidi milioni 15, hutozwi.

Kwa nini umjali muuzaji na kodi yake? Kwa sababu bila cheti cha TRA, Mamlaka ya Mapato, Msajili hahamishi jina. Muuzaji akishachukua hela yote na kuhamia Mwanza, kodi yake inakuwa yako. Iandikwe kwenye mkataba, ikatwe kwenye bei, ilipwe mapema.

Ongeza mthamini aliyesajiliwa, ambaye taarifa yake huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, ada za uhamisho na usajili, na wakili. Tenga 5% hadi 6% ya bei juu ya bei yenyewe. Ikibaki, utanunua mapazia.

Na huu mchezo wa kuandika milioni 40 kwenye mkataba wakati mmelipana 80, acheni. TRA wanatazama thamani ya mthamini, kwa hiyo hata kodi haipungui sana. Mauziano yakivunjika, mahakama itakurudishia milioni 40 iliyoandikwa. Na wewe siku ukiuza, gharama yako kwenye vitabu ni 40, kwa hiyo faida inaonekana kubwa na kodi yake unalipa wewe.

kaka_Tegeta

Umesahau dalali.

Hesabu_Kali

Dalali ana "cha juu". Mwenye nyumba anataka 60, wewe unaambiwa 68. Dawa ni kukaa mezani na mwenye hati na kumsikia akitaja bei kwa mdomo wake kabla hujatoa hata nauli. Asilimia ya dalali iandikwe, pamoja na nani anailipa. Siku ya kusaini asikuzukie na hesabu mpya.

Kokoto

Nimewasoma wote, ila kuna watu watakuwa na hati safi kama theluji ya Kilimanjaro na nyumba inayobomoka. Mimi ni wa zege, ngoja niseme ya kwangu.

Rangi mpya ni ya kutilia shaka kuliko rangi chafu. Hasa ikiwa mpya kuanzia sakafuni hadi magotini tu. Hapo kuna unyevu unaopanda kutoka chini kwa sababu nailoni ya kuzuia maji haikuwekwa juu ya msingi, au iliwekwa ikachanika. Weka kiganja ukutani asubuhi, utausikia ubaridi. Ukiona unga mweupe kama chumvi unatoka kwenye plasta, mchanga au maji yaliyotumika yalikuwa na chumvi. Upake rangi mara kumi, itabanduka mara kumi. Tiba yake ni kubandua plasta yote na kupiga upya, na bado huna uhakika.

Nyufa zinasomeka. Zilizosambaa kama utando wa buibui, nyembamba kama unywele, ni plasta iliyokauka haraka bila kumwagiwa maji. Hizo usizikimbie. Ufa unaotoka kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari, ukaingia hata ukingo wa shilingi, ni msingi uliozama upande mmoja au mkanda wa linta (zege la juu ya madirisha) uliokatwa katikati. Nenda upande wa pili wa ukuta ule ule. Ukiukuta na huko, umepita tofali zima, na hapo jadili bei upya au ondoka. Ufa wa mlalo karibu na paa ni kenchi zinasukuma ukuta nje.

Sasa, tofali limefichwa na plasta, utalionaje? Panda juu ya siling'i. Nyumba nyingi zina kimlango, mara nyingi koridoni au stoo. Omba ngazi, chukua tochi na ufunguo. Kule juu, ukuta wa pembe ya paa hauna plasta, kwa sababu hakuna mgeni anayeingia. Kwangua tofali kwa ufunguo. Likitoa vumbi kidogo na mlio mkavu, ni zuri. Ufunguo ukizama na mchanga ukamwagika kwenye mkono wako, hilo ndilo tofali lililobeba nyumba nzima. Mfyatuaji mwema anatoa tofali 25 hadi 30 za inchi 6 kwa mfuko wa kilo 50. Wa biashara ya haraka anavuka 45.

Ukiwa huko juu, zima tochi saa sita mchana. Kila nyota unayoiona ni tundu la bati. Kisha iwashe utafute njia za mchwa kwenye kenchi, vile vimifereji vya udongo. Chomeka bisibisi kwenye mti. Ikiingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha, hesabu paa jipya. Na mtu akikwambia bati ni nzito kwa sababu ni geji 32, cheka tu. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32.

Umeme: zima kila kitu ndani, hata friji, halafu tazama taa ya mita ya LUKU. Ikiendelea kupepesa, kuna waya unavuja au jirani amejiunga. Ingiza umeme wa elfu mbili uone zinakatwa ngapi, maana kodi ya majengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inapita humo na malimbikizo yanabaki kwenye mita. Maji: fika saa 12 asubuhi ufungue bomba, siyo saa nane mchana tangi likiwa limejazwa kwa ajili yako. Yaonje. Kisima cha maji ya chumvi kinaua bomba za chuma na hita.

Karo, yaani shimo la maji taka: funua mfuniko. Wenye nyumba hawapendi, funua hivyo hivyo. Mwaga ndoo tano chooni kwa mfululizo na utazame shimo la kunyonya. Maji yakisimama na wewe uko Septemba, Aprili yatakuwa uani. Halafu pima kwa macho kama gari la maji taka linafika na mpira wake. Kuna nyumba nzuri sana za vichochoroni ambazo hakuna gari linalozifikia.

Chausiku_T

Kokoto, Mungu akubariki. Je, mvua tunaisubiri?

Kokoto

Ukiweza. Kiwanja kitazame wakati wa masika, Machi hadi Mei. Ukishindwa, tafuta mstari wa tope kwenye kuta za majirani na kwenye mashina ya miembe. Majirani walioinua vizingiti vya milango kwa tofali mbili hawakufanya urembo. Boko, Basihaya, Jangwani na mabonde yote yanayoingia Msimbazi, usinunue kiangazi kwa kutazama majani mabichi.

MpimaBikoni

Nidakie hapo hapo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Baadhi ya mito ya Dar huwa mikavu miezi mingi, watu wanashangaa ikiitwa mito.

Na barabara kuu na za mikoa: Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba ikiwa na X nyekundu ukutani, mwenye nyumba hana fidia. X ya kijani ina mazungumzo. X iliyopakwa rangi juu inaonekana ukisimama pembeni jua likiwa chini, tazama jioni. Msiichukue mita 30 kama sheria ya kila mahali, kwani barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya ilidaiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba zilivunjwa hadi huko. Uliza TANROADS, na kwa barabara za mitaa TARURA. Nguzo kubwa za umeme nazo zina njia yake, uliza TANESCO kabla hujachora ramani.

juma_wa_kivule

Kwa mkopo wa benki imekaaje? Mshahara upo ila akiba kidogo.

Hesabu_Kali

Benki inataka hati, uthamini wake yenyewe, bima, na mchango wako, mara nyingi kati ya 10% na 20%. Kumbuka mthamini wa benki hutazama pia thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo ni ndogo kuliko bei mliyokubaliana. Tofauti unaijaza wewe.

Hesabu ya mfano: milioni 60 kwa riba ya 15% kwa mwaka, salio linalopungua. Kwa miaka 10 unalipa kama 968,000 kwa mwezi, jumla milioni 116. Kwa miaka 15 ni 840,000 kwa mwezi, jumla milioni 151. Kwa miaka 20 ni 790,000 kwa mwezi, jumla karibu milioni 190. Tazama hapo mwisho: unapunguziwa 50,000 kwa mwezi na unaongezewa milioni 38. Muda wa 20 ni mtamu mdomoni tu. Uliza pia kama riba inabadilika, na kama ukilipa mapema kuna faini.

Kama unajenga kidogo kidogo, hesabu riba ya mkopo dhidi ya kodi ya nyumba unayopanga sasa. Wengi humaliza boma, yaani kuta zikasimama, wakahamia chumba kimoja na choo, wakaendelea. Hiyo haina aibu na haina riba.

Mswahili Muscat

Asalaam aleikum. Sisi tulio Omani tunanunua kwa kutuma hela kwa ndugu. Mnatushauri nini?

Mwanasheria Mtaani

Wa aleikum salaam ndugu. Kwanza uraia: asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Ukishachukua uraia mwingine, usitumie kitambulisho cha zamani kununulia. Hati inaweza kufutwa. Kama bado ni raia, andaa hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja hicho kimoja, kiasi cha juu cha kulipa, na kwamba jina la mnunuzi ni lako. Isainiwe ubalozini, ije isajiliwe huku. Hela ipeleke kwa wakili na muuzaji moja kwa moja. Ndugu apewe kazi ya kutembelea na kupiga picha, kazi ya kushika hela apewe mwingine.

dada_Sinza

Na hizi apatimenti? Naona zinatangazwa bei nzuri.

MzeeWaJalada

Dada, uliza hati ya sehemu ya jengo, chini ya sheria Na. 16 ya 2008. Jengo zima likiwa na hati moja ya mwenye mradi na wewe una mkataba tu, hati hiyo ikiwa na rehani benki, wewe ni mpangaji aliyelipa sana. Uliza na ada ya mwezi ya lifti, pampu, jenereta na mlinzi, na nani anaisimamia. Lifti isiyo na mfuko wa matengenezo hugeuka stoo ya mafagio.

Chausiku_T

Mzee, swali la mwisho. Nikishapata jina langu kwa Msajili, siku hiyo hiyo nifanye nini?

MzeeWaJalada

Lipia kodi ya pango la ardhi ya mwaka huo kwa jina lako na utunze risiti inayoonyesha malimbikizo ni sifuri. Badilisha jina la mita ya umeme na akaunti ya maji. Badilisha vitasa vyote, pamoja na cha geti. Hati halisi isikae nyumbani kwenye begi la nguo. Nakala tu ndiyo ikae humo. Na kama ni kiwanja kitupu, weka uzio hata wa minyaa wiki hiyo hiyo, na kibao chenye namba ya kiwanja. Kiwanja kisicho na alama huko Dar kinauzwa tena kabla masika hayajaisha.